Namba Isiyokuwapo Si Sifuri

Tangu toleo la 2.0 la lugha ya C# lilipotoka mwaka 2005, waandishi wa programu wamekuwa na aina za namba zinazokubali thamani ikosekane: int sharti ibebe namba, ilhali int? yaweza kubeba namba au null, yaani kutokuwa na thamani yoyote. Wengine hukagua kama thamani ipo kwa sifa ya HasValue kwa kuwa inajieleza inaposomwa, na wengine hulinganisha kigeu na null moja kwa moja, kama wafanyavyo kwingineko katika lugha hiyo. Kwa kuwa kompaila, yaani programu inayotafsiri maandishi ya mwandishi kwa ajili ya kompyuta, huyageuza maandishi yote mawili kuwa ukaguzi ule ule, timu ichague mojawapo na kuendelea na kazi.

Suala zito ni nini kifanyike pengo, yaani hiyo null, likionekana. Wapo wanaotaka lizibwe mapema, ama kwa GetValueOrDefault, ambayo kwa namba hurudisha sifuri, ama kwa alama ya ?? pamoja na thamani mbadala. Hoja yao ina nguvu: sehemu zinazofuata hupokea int ya kawaida, ukaguzi haurudiwi kila mahali, na hakuna tena hatari ya kusoma Value, sifa inayotoa namba iliyobebwa, pasipo na thamani, jambo linalozusha hitilafu ya InvalidOperationException.

Hata hivyo, tuchukue vipimajoto vitatu, kimoja kikisoma nyuzi 20, cha pili 22, na cha tatu kikiwa hakikutuma chochote. Wastani wa vipimo vilivyopo ni 21. Tukiziba pengo kwa sifuri, unakuwa 14. Programu haitaanguka wala kutoa onyo, na mtu ataamua jambo kwa kutegemea baridi ambayo haikuwapo. Kwangu, kosa la namna hii ni baya kuliko programu iliyosimama, kwa sababu iliyosimama hutafutiwa dawa siku hiyo hiyo.

Kulibakiza pengo nako kuna mitego yake. Katika C#, kuuliza kama null ni kubwa kuliko 30 hujibiwa hapana, na kuuliza kama ni 30 au pungufu hujibiwa hapana vilevile. Kwa hiyo anayeandika if na else (ikiwa hivi, fanya hili; la sivyo, lile) akidhani kwamba kisichozidi 30 lazima kiwe chini yake au sawa nayo, hulipitisha pengo katika tawi la pili bila kujua. Anayetoka kwenye hifadhidata za SQL ana mtego mwingine, maana huko kulinganisha null na null hakutoi jibu la kweli, ndiyo maana hutumika IS NULL, ilhali katika C# null mbili huhesabiwa kuwa sawa.

Pamoja na mitego hiyo, naona pengo libaki pengo mpaka lifike kwenye sehemu ya programu inayojua maana yake. Punguzo la bei lisilojazwa laweza kwa haki kuwa sifuri, na hapo ?? inafaa kabisa; kipimo kisichochukuliwa hakiwezi.