Khanga ya kukodi getini

Juzi binamu yangu alikwenda ofisi moja ya umma kufuata cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Mlinzi akamwonyesha bango la mavazi yasiyoruhusiwa, zile picha za wanawake zilizopigwa X, akamwambia gauni linaishia magotini. Pembeni kakaa mama anakodisha khanga, shilingi elfu moja. Biashara kamili! Alipouliza kosa liko wapi, akajibiwa, "Dada, utamaduni wetu huo."

Utamaduni wa nani, kaka? Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha Tanganyika enzi hizo, ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1, 1969, Dar es Salaam ni marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kuchubua ngozi. Uchafu wa kigeni, eti. Tarehe haijafika, tayari wahuni Kariakoo walishawashusha wanawake kwenye mabasi na kuwachania nguo. Huo ndio ulinzi wa Uafrika. Sasa cheka kidogo: miaka hiyohiyo, serikali hiyohiyo ilikuwa inawakimbiza Wamasai wavue lubega wavae suruali, maana wanatia nchi aibu. Mmasai kazidi Uafrika, msichana wa mjini kapungukiwa, na anayeshika kipimo ni mwanamume aliyevaa suruali iliyokuja kwa meli. Hiyo haikumkera mtu.

Haya, mikorogo imeharibu sura za watu, hilo nawapa. Mbona bangoni haimo?

Rais Idi Amin alipiga marufuku sketi fupi Uganda 1972, Rais Kamuzu Banda akafuata Malawi 1973. Nairobi 2014 wanawake walivuliwa nguo hadharani, wenzao wakaingia barabarani kuandamana. Na kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kinachoadhibu ngono "kinyume cha maumbile" na kuchungulia nani kalala na nani, tulirithi kwa Mwingereza. Leo kinatetewa kama wosia wa babu.

Ila kinachonichoma ni hiki. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuozwa kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema hapana, ikaipa serikali mwaka mmoja irekebishe. Serikali ikakata rufaa! Ikashindwa tena 2019, Mahakama ya Rufani. Magoti ya mtu mzima yana mlinzi, bango na marufuku. Mtoto wa miaka 15 tunaambiwa tuwe na subira, jambo la mila hilo, linahitaji maoni ya wadau. Wadau gani? Huyo binti kaulizwa?