Simu ya Bure ya Miezi 36

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kwenye duka la simu hapa Houston. Ana wiki ya tatu tangu atue kutoka Tanga, na simu aliyokuja nayo inaingia WhatsApp vizuri ila kupiga haipigi. Kampuni kubwa za huku zilizima 3G mwaka 2022, na simu nyingi tunazonunua Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, hazikubaliwi kupiga kwa 4G yao. Muuzaji akampokea vizuri, akamwekea mkononi simu mpya kabisa. "Hii ni bure," akamwambia. Mdogo wangu akanigeukia, uso umemchangamka. "Dada, umesikia? Bure!"

Nilimshika mkono nikamtoa nje. Alininunia njia nzima kwenye basi, na bado ananidai maelezo. Maelezo yenyewe ndiyo haya.

Bure ile iko hivi: bei ya simu inagawanywa kwa miezi 36. Kila mwezi kampuni inakupunguzia kipande kwenye bili, mradi ubaki kwao na mradi uchukue kifurushi chao cha bei ya juu. Ukihama baada ya miezi kumi, kilichobaki chote ni deni lako. Na mpaka deni liishe, simu imefungwa. Laini ya kampuni nyingine ukiiweka, inakataliwa.

Na mimi nilisaini hivyohivyo. Nilikuwa nalipa dola 75 kwa mwezi nikiamini ndiyo bei ya Marekani. Bibi yangu alipofariki nikapanda ndege, nikafika Dar, nikasajili laini, nikaiweka. Simu ikakataa. Nilimpelekea fundi Kariakoo, akaigeuza mara mbili, akanirudishia. "Dada, hii wataifungua wenyewe hukohuko." Siku 16 za msiba nimetumia intaneti ya kampuni ya Marekani nikiwa kwetu, dola 10 kila siku. Dola 160, nyumbani kwetu, ambako kila kona kuna mwavuli wa wakala. Ile hela iliniuma kwa sababu ilikuwa hela ya matanga.

Niliporudi nilimaliza deni, kisha nikanunua simu yangu kwa taslimu, dola 320, isiyofungwa kwenye mtandao wowote. Nikahamia kampuni ndogo isiyo na minara yake. Inakodi minara ya hao wakubwa na kuuza intaneti ileile kwa bei ya chini. Nalipa dola 25. Kila mwezi nabakiza 50, na baada ya miezi saba hela ya simu ilikuwa imesharudi. Nilipoangalia matumizi yangu niligundua sifikishi hata GB 5 kwa mwezi, kwa sababu nyumbani kuna waifai na kazini ipo. Miaka yote ile nilikuwa nalipia GB ambazo sikuzigusa.

Hapa ndipo ninapojivunia kwetu, na nasema kwa moyo wote. Mimi nimekua sijui kwamba simu inaweza kuwa na bosi. Mama yangu yuko Muheza, hakusoma zaidi ya darasa la saba, ana laini mbili: Halotel kwa sababu ndiyo inayoshika kule shamba, na nyingine ya kupokelea hela. Mtandao mmoja ukipandisha bei, anahamia mwingine kabla chai haijapoa. Haombi ruhusa kwa mtu. Huku, Januari 2013, kufungua simu mpya bila idhini ya kampuni kulifanywa kosa chini ya sheria ya hakimiliki. Ilibidi watu zaidi ya 100,000 watie saini ombi kwa Ikulu, na Agosti 2014 Rais Obama akasaini sheria ya kuruhusu. Hata hivyo kampuni bado zinaweza kukufungia hadi umalize deni. Nchi nzima ilipigania kitu ambacho mama yangu anakifanya akiwa jikoni.

Najua majibu yanayokuja. "Wewe uko Marekani unatusifia laini mbili, bando letu hulioni?" Naliona. Bando la mama nanunua mimi, kwa hiyo najua siku ya ngapi linakata na najua MB zilizopotea bila kutumika. Huku mwezi ni mwezi, na GB nilizolipia zipo mpaka tarehe ifike. Hilo natamani lifike kwetu hata kesho. Aprili 2021 vifurushi vilipopanda ghafla mlipiga kelele, na serikali ikasimamisha zile bei mpya. Kelele zilifaa. Kwa nini tumenyamaza kuhusu muda wa kuisha?

"Wabeba maboksi mnahesabu vijisenti." Ndiyo, nahesabu. Hiyo 50 ninayobakiza ni dawa za presha za mama na nauli ya mtoto wa dada yangu kwenda shule. Anayeona ni vijisenti hajawahi kupigiwa simu saa tisa usiku kuambiwa dawa zimeisha.

"Basi rudi." Nitarudi siku yangu ikifika. Kulinganisha si kudharau. Ningekuwa nadharau nisingepoteza usiku wangu wa mapumziko kuandika haya baada ya zamu ya saa 12.

Kinachonitia hofu ni kwamba kufuli lenyewe sasa linakuja kwetu. Kenya, Safaricom ilianzisha Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020, na Tanzania simu za mkopo zimejaa. Usipolipa, simu inajifunga. Simlaumu dereva wa bodaboda anayeichukua. Laki mbili kwa mkupuo ataitoa wapi, na bila simu hapati abiria? Ninachomwomba ni kitu kimoja: kabla ya kuweka kidole, ajumlishe malipo ya kila siku mpaka mwisho, aone jumla, kisha aende dukani aulize bei ya taslimu. Tofauti ile aiandike kwenye karatasi. Mimi sikuiandika, na hakuna aliyenishika mkono kunitoa nje.

Na nyinyi mnaoniandikia "nitumie iPhone, huko ni rahisi", tafadhali nisikilizeni. Zinazouzwa Marekani kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina hata tundu la laini. Ni eSIM tu, yaani laini iliyomo ndani ya simu yenyewe, huwezi kuchomeka kadi. Nyingine zinatoka kwenye mkataba wa mtu ambaye hajamaliza kulipa. Nikikuambia subiri, sina roho mbaya.

Jumapili tulienda duka la kawaida, tukanunua simu ya dola 180 isiyofungwa, yenye nafasi mbili. Nilimkopesha 100, atanilipa akipata mshahara wa kwanza. Laini ya huku tukaiweka moja, ya Tanzania akaiacha kwenye nafasi ya pili ili apokee meseji za benki. Mtu wa kwanza kumpigia alikuwa mama mdogo, kwa video, na mdogo wangu akamzungushia simu amwonyeshe chumba, jiko, mpaka friji.

"Na bando lako linaisha lini, mwanangu?" mama mdogo akauliza.

"Tarehe 14 mwezi ujao, mama."

Hakusikia. Lake lilikuwa limekata. Mdogo wangu akabaki ameishika simu, na mimi nikaingia kumtumia mama yake hela ya bando la wiki.