Gobore halipigi risasi saba

Nilihesabu kwa vidole. Kwenye tamthilia ya runinga, jamaa kajibanza nyuma ya mwembe, bunduki ndefu begani, mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti, unaonekana kabisa umechomekwa chini ya mtutu, na maandishi kwenye kioo yameshatuambia kuwa huu ni mwaka 1871, Unyanyembe, huku kwetu Tabora. Pa! Mtu kaanguka. Pa! Mwingine. Saba mfululizo, bila mkono kushuka hata kujikuna. Nilikuwa kwa dada yangu Kiloleni, tumekaa mkekani, sahani ya matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, katikati. Mpwa wangu wa darasa la sita akaniuliza, "Mjomba, mbona unahesabu?"

Nikamwambia namhesabia yule bwana risasi zake. Akanitazama kama mtu aliyekuja kuharibu sherehe ya watu.

Tamthilia yenyewe siitaji, maana sina ugomvi nayo kwa ujumla. Mavazi yamekaa sawa: kaniki ipo, merikani ipo, shanga za samesame zipo shingoni kwa wapagazi. Watu wanasalimiana "mwangaluka" asubuhi, na wanapiga magoti kwa mtemi kama inavyotakiwa. Mtu alikaa chini akauliza wazee. Lakini aliyeuliza habari za shanga na aliyeleta bunduki hawakuketi meza moja. Kipindi hichohicho kikaonyesha ruga-ruga mmoja, yaani mpiganaji wa Mirambo, akikatiza na bunduki yenye magazini, kisanduku cha risasi, iliyochomoza chini ya tumbo la bunduki. Silaha za namna hiyo zilienea majeshini Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1880. Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi ambaye kijana huyo alikuwa anampigania, alifariki Desemba 1884.

Najua jibu la wengi: ni burudani tu, nani anajali? Ninajali mimi, na sababu yangu haihusu parafujo wala mihuri ya kiwandani. Inahusu muda.

Babu yangu mzaa mama, guku kama tulivyomwita, alikuwa mrina asali huko Sikonge. Alikuwa na gobore lenye kibali, na kibali hicho alikikunja ndani ya mfuko wa nailoni kikalala chini ya godoro miaka yote. Kazi ya lile gobore ilikuwa nguruwe pori waliokuwa wakimaliza karanga na mihogo. Usiku mmoja wa mbalamwezi alinichukua kwenda kulinda shamba. Nilimwona akilisimamisha, kitako katikati ya nyayo zake, mdomo wa mtutu ukimtazama kidevu, mpaka nikaogopa. Akamimina baruti kutoka kwenye pembe, akaipima kwa kifuniko kidogo. Akasokomeza kitambaa kilichochakaa, akashindilia kwa mdeki. Alishindilia kwa subira, kama mtu anayetwanga dawa. Mdeki uliporuka wenyewe na kugonga kiganja chake, akasema, "Imeshiba." Kisha vipande vya chuma, kisha kitambaa kingine juu yake ili visimwagike akiinamisha mtutu. Halafu ndipo fataki, kidude kidogo kama kofia ya sisimizi, alichokitoa kwenye kopo la ugoro kwa vidole vilivyokuwa vinatetemeka kwa uzee. Ikimponyoka ikaingia majanini, tunapapasa wote wawili gizani.

Lilipolia, lililia kweli. Ukatoka moshi mweupe mzito wenye harufu ya yai viza, na guku akachuchumaa ili achungulie chini ya moshi kuona kama amepata. Hakupata. Nguruwe alikuwa njiani kuelekea Inyonga. Nilihesabu kuanzia mlio mpaka aliposema yuko tayari tena: nilifika tisini.

Askari wa Ulaya aliyefunzwa miaka mingi, akiwa amesimama kwenye mstari na sajini akimpigia kelele, aliweza kufyatua bunduki ya kushindilia mara tatu hivi kwa dakika. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa. Mtu wa msafara, aliyenunuliwa bunduki kuukuu na kupewa baruti kwa kipimo cha ubahili, hakufika huko.

Sasa rudini na muda huo mwaka 1871. Waarabu wa Unyanyembe wamegombana na Mirambo kwa sababu ya njia ya kwenda Ujiji na ushuru wake. Henry Morton Stanley yuko hapa hapa, amepanga Kwihara, anamtafuta Livingstone, na amekubali kuingia vitani upande wa Waarabu. Kikosi chao kikaenda kuvamia Wilyankuru. Wakaingia kijijini, wakapora pembe za ndovu na nguo. Mirambo hakung'ang'ania kusimama mbele ya bunduki zao. Alitoka na watu wake wakalala majanini, pande zote mbili za njia ambayo adui angerudia. Walipopita wameelemewa na mizigo, wakainuka juu yao. Sauti za bunduki mara moja, halafu mikuki.

Kila kitu kwenye mpango huo kimejengwa juu ya mdeki. Ukiwa na silaha inayolia mara moja kisha ikalala, utautumia mlio huo mmoja karibu kabisa, ghafla, kwa mtu ambaye mikono yake imeshika pembe ya ndovu. Kisha utafunga ile nafasi kati yako na yeye kabla hajapata wasaa wa kufungua pembe ya baruti. Ruga-ruga walikuwa vijana, wepesi, wanaokimbia. Wepesi huo ulikuwa silaha kwa sababu bunduki ilikuwa nzito na polepole. Mpe kila mtu bunduki ya kufyatua mara saba, na Mirambo anayelala majanini anageuka kuwa mtu mwoga tu anayejificha. Tamthilia ilimwonyesha hivyo hasa. Amesimama juu ya kichuguu, anafyatua huku na huku kama polisi wa sinema, na mashambulizi ya ghafla yamekuwa mbio zisizo na sababu. Mtu aliyewashinda matajiri wa Tabora kwa akili wakamgeuza mtu wa misuli.

Agosti hiyohiyo Mirambo aliingia hadi Tabora. Khamis bin Abdallah, mmoja wa Waarabu wakubwa, alitoka kwenda kumkabili akauawa, na sehemu ya mji ikachomwa moto. Hapo pia, mtayarishaji angetuachia kimya kidogo baada ya mlio wa kwanza, tungejua Khamis alijisikiaje.

Kimya hicho ndicho ninachokililia. Hamed bin Muhammed, ambaye baba yake aliishi hapa kwetu, dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip. Wako wanaosema jina limetokana na kupepesa macho, lakini inasimuliwa pia kuwa ni mlio wa bunduki zake. Yatamke polepole: tip, tip. Hata jina lina pengo katikati.

Lingine ni moshi. Baruti isiyo na moshi ilibuniwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, na bunduki ya kwanza ya kijeshi kuitumia, Lebel, ilitoka 1886. Kabla ya hapo, kila mlio duniani ulikuja na wingu lake. Vita vya 1871 vilipiganwa ndani ya ukungu wa kujitengenezea. Huoni adui, adui anaona wingu lako na anajua ulipo. Kwenye tamthilia hewa ni safi kama asubuhi ya Jumapili. Wala msidhani mambo hayo yaliisha na Mirambo. Mwaka 1914 askari wengi wa Wajerumani katika nchi hii walikuwa bado wanabeba Mauser ya mwaka 1871, risasi moja moja na moshi wake, wakati vikosi vingine vimeshapata za kisasa. Wabelgiji wanakaribia kuingia Tabora, Septemba 1916, bado kulikuwa na askari wa namna hiyo.

Na mvua! Kipindi cha tatu wamepigana kwenye mvua ya masika, maji yanatiririka usoni, na bunduki za gumegume zinalia moja baada ya nyingine. Gumegume ni jiwe linalogonga chuma litoe cheche, cheche iangukie baruti iliyo wazi kwenye kisahani. Mwagia maji hapo uone. Tuendelee.

Sisemi kila mtu mwaka 1871 alikuwa na silaha ya aina moja, na hapa ndipo mtengenezaji angefaidi kama angefungua macho. Ulaya ilikuwa inabadilisha. Waingereza walikuwa na Snider, ya kuingizia risasi kwa nyuma, tangu 1866, na mwaka huohuo wa 1871 wakachukua Martini-Henry. Stanley mwenyewe alikuwa na Winchester ya Kimarekani, ya kupiga mara nyingi bila kujaza. Basi mpeni Stanley hiyo. Mmoja tu katika umati anafyatua mfululizo, na wenzake wote wanageuka kumtazama mdomo wazi. Hiyo ingekuwa picha! Badala yake Stanley wa tamthilia ana bunduki sawa na ya mpagazi wake, zote zinapiga sawa, na hakuna anayeshangaa kitu.

Magobore yalitoka wapi? Yalitoka kwenye maghala ya hayohayo majeshi. Kila jeshi la Ulaya lilipopata bunduki mpya, za zamani ziliuzwa kwa rundo, na rundo likafika Unguja, kisha Bagamoyo, kisha mabegani mwa wapagazi mpaka hapa. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwa Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zinapita kwa mwaka. Halafu wakubwa wakaketi Brussels. Mkataba wa 1890 ukazuia kuleta Afrika bunduki za kisasa, zile za kuingizia risasi kwa nyuma na zile zenye mitutu iliyochongwa mizunguko ndani, ila ukaacha mlango kwa gumegume na baruti ya kawaida. Yaani mtawala apate Mauser, mwenyeji abaki na mdeki. Nikimkumbuka guku akipapasa fataki gizani, karibu miaka 100 baada ya mkataba huo, sioni kama ni bahati mbaya tu ya umaskini wa kijijini. Tamthilia inayompa kila Mnyamwezi bunduki ya kisasa inafuta kitendo hicho bila kujua. Ukiitazama hiyo utajiuliza, sasa walishindwaje?

Nimewahi kuambiwa kuwa bunduki za kweli ni hatari kwenye upigaji picha na bajeti ni ndogo. Sawa kabisa, wala sitaki bunduki ya kweli ikaribie waigizaji. Lakini mjini hapa mafundi seremala wanachonga mninga usiku na mchana. Kitako cha mninga, bomba lisilotoboka, ufito chini yake, na mzee mmoja wa kuonyesha namna ya kushindilia. Moshi mtautia kwenye kompyuta. Mwigizaji kuinamisha kichwa na kushindilia kwa sekunde kumi na tano hakulipiwi shilingi. Na hofu ya mtu anayemwona adui akimkimbilia huku yeye bado anatafuta fataki koponi ni uigizaji ambao ningeulipia kiingilio.

Nasikia tetesi za mtaani kuwa msimu ujao watamfikia Isike. Kama ni kweli, hapo ndipo pagumu. Mtemi Isike wa Unyanyembe aliwasumbua Wajerumani, mashambulizi yao ya 1892 yakagonga mwamba kwenye kuta za kwikuru yake (neno ndugu wa hii Ikulu yetu). Januari 1893 akaja afisa wao Tom von Prince, wakavunja, wakaingia. Isike hakujitoa mikononi mwao. Aliwasha ghala lake la baruti naye akiwa ndani na watu wake.

Ghala la baruti lilikuwepo kwa sababu bunduki za Isike zilikula baruti ya kumimina, iliyosafirishwa kwa mapipa kutoka pwani na kuwekwa akiba kama nafaka. Mtemi aliyejiandaa kwa vita virefu alilala jirani na akiba hiyo kila usiku. Mtu wa risasi za maganda na magazini hana chumba cha namna hiyo. Kwa hiyo mpwa wangu ameshapewa kazi. Mlango wa ghala ukifunguliwa tu, aniambie ndani kuna mapipa au makasha ya risasi.