Sijajaliwa

Mwaka wa pili huu najifunza Kireno, hapahapa Mtwara mjini, kwa mama mmoja aliyekulia ng'ambo ya Ruvuma. Jioni nikishafunga duka naenda barazani kwake. Yeye anabangua korosho, mimi nina daftari mapajani. Nilianza kwa ajili ya biashara, maana wateja wangu wengi wa vitenge wanatoka Msumbiji. Sikujua kwamba lugha hii itanifanya nianze kuzitazama upya siku na saa zangu.

Tulianza na siku za wiki. Jumatatu akaniambia ni "segunda", yaani ya pili. Jumanne ni "terça", ya tatu. Jumatano ni "quarta", ya nne. Kila siku Kireno kilikuwa nyuma yangu kwa moja, hadi tukafika Alhamisi: "quinta", ya tano. Hapo nikaacha kuandika. Alhamisi nayo ni tano, ila ni tano ya Kiarabu! Kumbe wiki yetu ina tano mbili. Jumatano ni ya hesabu yetu inayoanzia Jumamosi, siku mosi. Alhamisi ni ya hesabu ya Waarabu, ambao kama Wareno huanzia Jumapili. Neno hilo nimelitamka tangu utotoni, na sikuwahi kulisikia mpaka siku ile.

Saa zilinisumbua zaidi. Mfanyabiashara mmoja wa upande wa pili aliahidi kunipigia simu "às oito". Oito ni nane, basi nikajiandaa kwa saa nane mchana. Simu ikaita saa tatu asubuhi, niko sokoni, sina bei wala daftari. Nane yake ilihesabiwa tangu usiku wa manane, na juu ya hapo Msumbiji wako nyuma yetu kwa saa moja. Jua linalochomoza kwetu na kwao ni lilelile, mto mmoja tu katikati.

Nimewasikia watu, hata walimu, wakiwaambia watoto kwamba saa ya Kiswahili imegeuzwa. Maneno hayo yananiuma. Saa yetu inalifuata jua. Huku kwetu siku ndefu kuliko zote inaizidi siku fupi kuliko zote kwa saa moja na dakika chache, kwa hiyo kulipokucha ni saa kumi na mbili, na saa moja ni saa moja ya mchana kweli. Lisbon, mji mkuu wa Wareno, haiwezekani: Januari jua huchomoza karibu na saa mbili asubuhi, Juni linawahi muda mfupi baada ya saa kumi na mbili. Wao walihitaji hesabu nyingine, sisi tunayo yetu inayotutosha. Mtoto afundishwe zote mbili.

Je, lugha hubadilisha namna tunavyouhisi muda wenyewe? Mwaka 2017 watafiti Emanuel Bylund na Panos Athanasopoulos walichapisha majaribio waliyofanya kwa wasemaji wa Kiswidi, ambao muda kwao ni mrefu au mfupi, na wa Kihispania, ambao kwao ni mwingi au kidogo. Waswidi walipotazama mstari ukirefuka kwenye skrini, urefu wake uliwapotosha katika kukadiria muda. Wahispania walipotoshwa na chombo kinachojaa. Waliojua lugha zote mbili walifuata lugha waliyoulizwa nayo. Naliamini hilo, lakini nadhani kuna kubwa zaidi, nalo liko kwenye vitenzi.

Ukiwa stendi ukaambiwa gari la Newala halijafika, unakaa juu ya mzigo wako unasubiri. Ukiambiwa halikufika, unarudi nyumbani. Kireno kinaweza kusema "não chegou" kwa yote mawili. Ukitaka kumwachia mtu tumaini, unaongeza "ainda", yaani bado. Kwetu huna hiari. Ukifungua mdomo lazima uchague kama jambo limekwisha au bado linangojwa.

Wiki iliyopita tulifanya mazoezi ya maswali. Mwalimu akaniuliza, "Tem filhos?" Nina watoto? Mimi nina miaka 38. Tangu niolewe, swali hilo nimelijibu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sikuwahi kusema sina. Husema, "Sijajaliwa." Anayeuliza huitikia, "Mungu atajalia," tunaendelea na mengine.

Nikajibu kama kitabu kinavyoelekeza: "Não tenho." Sina.

Sentensi ilikuwa sahihi. Lakini nilipoitamka moyo uliniruka, kana kwamba mtu ameingia chumbani akazima taa. Mama yule akaacha kubangua, akaniangalia.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Wewe sema 'ainda não'."

Nikaandika. Halafu nikasema kwa sauti, mara mbili.