Marseille ni mji wa pwani kwanza, Ufaransa baadaye

Mtu akikwambia anakwenda Ufaransa, huna haja ya kuuliza mji gani. Ni Paris. Atapiga picha chini ya mnara wa Eiffel, atarudi na manukato, nasi tutampongeza. Sina ugomvi na Paris, lakini kama safari yako ina siku moja ya ziada, panda treni ya alfajiri uende Marseille. Njia ya treni ya kasi ilifika huko mwaka 2001, na safari ni saa tatu na ushee. Unatoka kituo cha Saint-Charles, unasimama juu ya ngazi zake 104, na mji wote uko chini yako.

Tulikuwa wawili: mimi wa Tanga, na mwenzangu Mngazija aliyekulia huko huko Marseille, mwenye mjomba au shangazi kila kona. Wakomoro wa Marseille ni makumi ya maelfu, hata watu huuita mji huo kisiwa cha tano cha Komoro. Kwenye habari Marseille hutajwa kwa bunduki na dawa za kulevya, na mambo hayo yapo, si uzushi. Ila ukimfuata mwenyeji, unaona kwamba huu ni mji wa bandari wenye miaka 2,600 ya kupokea watu kutoka baharini, tangu mabaharia wa Kigiriki walipotia nanga hapo.

Tulianzia Bandari ya Kale. Asubuhi wauza samaki hupanga meza zao ukingoni kabisa, samaki wengine bado wanapiga mikia. Mama mmoja mwenye buti za mpira alikuwa akimfokea mteja aliyeminyaminya samaki kisha akataka kuondoka. Kifaransa chake sikukipata chote, lakini ungemchukua mama yule ukamweka soko la samaki la Deep Sea pale Tanga, asingehitaji kubadilisha chochote ila lugha.

Kuna kivuko kidogo kinachokata bandari kutoka upande wa manispaa hadi Place aux Huiles, yaani uwanja wa mafuta. Nikamuuliza mwenzangu, mafuta gani? Akanipeleka kwenye duka la sabuni. Sabuni ya Marseille ni maarufu, na amri ya mfalme ya mwaka 1688 ilitaka itengenezwe kwa mafuta ya zeituni peke yake. Karne ya 19 viwanda vikakua, zeituni zikawa hazitoshi, wafanyabiashara wa mji huu wakafuata ufuta na mbata hadi Zanzibar na pwani yetu. Kufikia mwisho wa karne hiyo meli za kampuni ya Kifaransa ya Messageries Maritimes zilikuwa zikitoka hapa, zikipita Suez, hadi Unguja na visiwa vya Komoro. Dukani, vipande vya kijani ni vya zeituni; vile vyeupe vina mafuta ya mimea mingine, nazi ikiwemo. Mtalii ananunua akidhani ananusa Ufaransa tupu. Mimi nilinunua cheupe, kwa ubishi tu. (Angalia chapa kabla ya kulipa, maana nyingi zenye jina hilo hazikutengenezwa Marseille.)

Kanisa la Notre-Dame de la Garde liko kileleni, basi namba 60 linakufikisha. Mandhari ni mazuri, watu ni wengi mno. Kilichonivutia ni meli ndogo za mfano zilizoning'inizwa darini, nadhiri za mabaharia waliosalimika na dhoruba.

Mchana mwenzangu akakataa katakata niende makumbusho yoyote. Tukapanda basi kwenda kaskazini, kwenye barabara ambayo haimo katika vitabu vya watalii. Tarehe 21 Februari 1995, Ibrahim Ali, kijana wa miaka 17 mwenye asili ya Komoro, alikuwa akikimbilia basi na wenzake baada ya mazoezi ya muziki. Watu waliokuwa wakibandika mabango ya National Front, chama cha siasa kali kinachopinga wahamiaji, wakampiga risasi akafa. Familia na marafiki walidai kwa miaka mingi barabara ipewe jina lake, na mwaka 2021 ikapewa. Ni barabara ya kawaida, magari yanapita kwa fujo, kibao ni cha buluu kama vingine. Kwangu mimi kibao hicho kinaeleza Marseille kuliko kanisa lile lote la dhahabu: mji umewahi kumuua mtoto wetu, na watu wake hawakukubali asahaulike.

Kuhusu chakula, kila kitabu kitakwambia ule bouillabaisse. Ilikuwa supu ya wavuvi, ya samaki wa miambani wasiopata mnunuzi. Leo mikahawani bei yake ni ya kutisha. Sisi tulipita soko la Noailles, tukabeba nazi na ndizi mbichi, tukaenda kwa shangazi yake, aliyesoma Unguja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kusita, akatuwekea wali na mataba, ambayo ni kisamvu cha nazi kilichopikwa kwa subira. Kabla sijamaliza sahani akavuta daftari la michango. Mpwa wake anafunga harusi kubwa huko Ngazija, ile inayomaliza akiba ya miaka, na nusu ya majina mle ni ya watu wa Marseille. Akavaa miwani, akaniuliza jina langu linaandikwaje.