Meza ya Marehemu Ianze na Marehemu

Novemba ikikaribia, nyuso zilizochorwa mafuvu hujaa mitandaoni, na wengi hudhani hiyo ndiyo Día de los Muertos, Siku ya Wafu ya Mexico. Lakini gwaride kubwa la Mexico City limeanza mwaka 2016 tu, tena kwa kuiga filamu. Sikukuu yenyewe iko nyumbani, kwenye ofrenda, meza anayoandaliwa marehemu aliyerudi kuwatembelea watu wake: watoto tarehe 1, watu wazima tarehe 2.

Vya lazima ni vichache: picha, glasi ya maji kwa mgeni mwenye kiu ya safari, chumvi, mishumaa, mkate, maua. Kinachoharibu ofrenda nyingi ni mapambo ya dukani kuwa mengi hadi mwenyewe haonekani. Kama babu alikunywa kahawa chungu, usimwekee soda. Weka kikombe chake, kofia yake, sigara aliyovuta. Chakula kipakuliwe kikiwa cha moto, kwani inaaminika marehemu hula harufu.

Maua ya cempasúchil, yenye rangi ya chungwa, ndiyo yanayomwonyesha njia. Petali humwagwa kuanzia mlangoni hadi mezani. Zichambue siku hiyohiyo, la sivyo zitanyauka. Yale ya kwenye chombo yaondolewe majani ya chini, maana yakizama majini huoza upesi na kunuka.

Kopali ni utomvu wa mti, kama sandarusi yetu ya pwani, na huchomwa chetezoni. Subiri mkaa uive na kuvaa majivu, kisha weka punje mbili tatu. Wenye haraka hujaza nyingi kwa mpigo. Utomvu huyeyuka, huufunika mkaa na kuuzima, chumba kikabaki na moshi unaowasha macho.

Kwenye pan de muerto, mkate wa siku hiyo, tatizo ni ile mifupa ya unga inayowekwa juu. Donge la mifupa liongezwe unga kidogo liwe gumu zaidi, na ipachikwe mkate ukishaumuka mara ya pili. Ukiiwahisha, nayo huumuka na umbo hupotea.

Mishumaa ikae ndani ya glasi, mbali na papel picado, zile karatasi nyembamba zilizokatwa nakshi. Zinashika moto mara moja.

Baadaye chakula huliwa na familia na majirani. Kwa hiyo mezani weka sahani ndogo tu ya nyama, nyingine ibaki kwenye friji. Iliyolala mezani usiku kucha isiliwe.