Umbo la Molekuli Lina Nguvu Kiasi Gani Katika Kimiminika?

Mwaka 1848 mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alitenganisha fuwele za chumvi ya asidi ya tatariki kwa mkono, akitazama umbo la kila fuwele. Chumvi hiyo ikishayeyuka majini, kazi ile haiwezekani tena. Zinabaki molekuli za aina mbili zinazozunguka ovyo, kila moja ikiwa taswira ya mwenzake kwenye kioo. Hizi huitwa enantioma. Je, ndani ya kimiminika molekuli humtofautisha wa aina yake na wa aina ya pili, na je, ni umbo linalomtambulisha?

Wanaolitetea umbo wana hoja nzito. Tofauti kati ya enantioma haionekani kwa mbali, kwa kuwa mzunguko wa molekuli huifuta karibu yote. Huanza kujitokeza zinapobanana, na hapo umbo ndilo linaloamua nani akae wapi. Ushahidi ninaouona mzuri kuliko wote ni wa fuwele kimiminika: ukiongeza kiasi kidogo cha kiungo cha kairali (ambacho molekuli zake hazilingani na taswira zao za kioo, kama mkono wa kulia na wa kushoto) katika kimiminika cha molekuli ndefu zilizojipanga upande mmoja, mpangilio wote hujisokota. Kiungo kile kile cha mkono wa pili huusokota kinyume. Molekuli ndefu haziwezi kugeuka ovyo, na umbo la kiungo hicho linapata nafasi ya kusikika.

Lakini katika vimiminika vya kawaida hadithi ni nyingine. Joto linalopimwa enantioma mbili zinapochanganywa mara nyingi ni jouli chache tu kwa moli. Mchafuko (entropia) unaoletwa na kuchanganyika nusu kwa nusu, ambao husukuma aina hizo mbili zibaki zimechanganyika, una thamani ya takriban jouli 1,700 kwa moli kwenye nyuzijoto 25. Ndiyo maana vimiminika hivyo havijitengi vyenyewe.

Hapa ndipo ninapoegemea upande wa wanaosema umbo pekee halitoshi. Linahitaji kitu cha kuishikilia molekuli mahali pake, kama kifungo cha haidrojeni, yaani mvuto kati ya haidrojeni ya molekuli moja na atomu kama oksijeni ya nyingine. Saiklodekstrini, molekuli ya sukari yenye umbo la pete, inaonyesha hivyo: tundu lake huchagua ukubwa na umbo, nayo makundi ya haidroksili (oksijeni na haidrojeni) yaliyo ukingoni huweza kuishika molekuli iliyoingia humo katika mwelekeo fulani. Tofauti ya nishati inayopatikana inaweza kuwa chini ya kilojouli moja kwa moli, lakini katika kromatografia, ambapo mchanganyiko hupitishwa kwenye safu (bomba) yenye dutu inayoshika molekuli, mshiko huo hurudiwa mara nyingi mno, na enantioma mbili zikatoka safuni kwa nyakati tofauti.

Kwa hiyo anayebuni dutu ya kutenganisha enantioma akipima tundu tu bila kupima mshiko, atakuwa amefanya nusu ya hesabu.